Beki wa Kushoto wa Magoma

Mbagala, Dar es Salaam
10 Machi 2024

Mpendwa Baba Mkubwa Timotheo,

Shikamoo. Kaa vizuri kwenye kiti chako na kikombe cha kahawa kiweke mbali na karatasi, maana hili nataka ulisome ukiwa umetulia. Mwanao Kristian ndiye Msambaa mwenye bahati kuliko wote waliowahi kushuka Mombo. Nimepewa timu. Sio kuuza maji uwanjani, sio kumbebea daktari begi. Kocha mkuu. Tangu Januari Magamba Rovers iko mikononi mwangu, na jina nimeipa mwenyewe, ili watu wa huku wajue mlima niliotoka.

Mimi sijambo, isipokuwa joto. Huku joto la Machi linamwivisha mtu akiwa ndani ya nguo zake. Nikiwaambia kwamba kwetu mwezi huu mtu analala na blanketi mbili, wanasema haya, Kristian kaanza. Mama Mkubwa Esteria mpe shikamoo yake, na dawa ya magoti ile niliyoituma apake asubuhi na jioni. Ni ya Wachina, bandarini wanaijua mabaharia tu. Asiiguse na kushika macho, mabaharia wawili wamelia siku nzima.

Najua simu huitaki na masikio yako nayo hayaitaki, kwa hiyo barua nitakuwa nampa kondakta wa basi la asubuhi, utazikuta kwa wakala hapo Lushoto mjini.

Sasa hoja. Ligi yetu ina timu nane na makocha nane, watu wazito wenye majina yao mjini. Tunacheza mechi nne kwa siku, siku nyingine sita, umeme ukiwepo. Ukikatika, mechi inasimama pale pale na kila mtu anakumbuka dakika. Magamba Rovers, sitakuficha mzee wangu, ni ya nane. Lakini hapo ndipo bahati ilipojificha. Kanuni ya huku inasema hivi: kabla ya msimu mpya inatolewa orodha ya chipukizi, na timu iliyoshika mkia ndiyo inachagua wa kwanza. Makocha saba, na magari yao, wanangoja mimi nikune kidevu.

Kila kijana anakuja na namba zake, mwisho wa namba ni ishirini. Nimekuchagulia watatu wa juu. Faustine wa Zirai, mshambuliaji, kasi kumi na tisa, shuti kumi na nane, utulivu sita. Ulimboka, kiungo, wazazi wake ni watu wa Mbeya walioletwa na chai, pasi kumi na sita, nguvu kumi. Na Silvano wa Magoma, beki wa kushoto, miaka ishirini na mbili, kasi kumi na mbili, nguvu kumi na tatu, usawa wa mwili kumi na saba, utulivu kumi na nane.

Wenzangu wote wanamtolea mate Faustine. Moyo wangu nao unasema Faustine. Ila nikakumbuka kwamba nchi hii ina mtu mmoja tu aliyekuwa anamtazama kijana akinywa uji na kusema huyu ni namba tatu, na ikawa. Miaka ishirini na mbili timu ya shamba la chai ilikuwa yako, makombe manne, na hukuwahi kupiga kelele kando ya uwanja hata siku moja. Mimi nimeona makocha wa Kizungu wakirusha chupa. Hakuna hata mmoja anayefika kwenye viatu vyako.

Niambie nani.

Mwanao,
Kocha Kristian


Ubiri, Lushoto
29 Machi 2024

Mwanangu Kristian,

Marahaba. Leo ni Ijumaa Kuu, tumetoka kanisani na mvua imetushika njiani, naandika miguu ikiwa kwenye maji ya moto. Mama yako mkubwa anakusalimu. Dawa ameipaka, akashika jicho. Anasema yeye ni baharia wa tatu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea yeye, akaniashiria nipunguze sauti, majirani wanasikia. Sikupunguza.

Nimefurahi kwamba siku hizi mnawapima wachezaji kwa namba. Mimi nilikuwa karani wa mizani miaka thelathini na mmoja. Kila kikapu cha majani kilichopita mbele yangu nilikijua kabla mshale haujatulia, na bado niliusubiri utulie. Namba ni jambo zuri, mradi asiyeziandika awe ndiye anayezisoma.

Faustine mwache. Mwenye kasi kumi na tisa na utulivu sita ni mbuzi aliyekata kamba. Utamshangilia mpaka utakapoona shamba la jirani. Ulimboka ni mzuri, lakini timu iliyoshika mkia haiwi hivyo kwa kukosa pasi. Inakuwa hivyo kwa sababu nyuma hakuna anayesimama. Chukua Silvano. Na hao mabeki ulio nao sasa, warudishe hatua tano, waache kupanda kila mpira unapopanda.

Nina maswali matatu. La kwanza, vijana wako wanakula nini? Sisi tulicheza mechi moja kwa wiki, na Jumatatu nusu ya mabeki walichuma chai wakichechemea. Mechi nne kwa siku sijapata kuona.

La pili, umemwona Silvano akishuka? Unajua ninachouliza. Kupanda mlima kila mtu anapanda, pumzi ikimwishia anasimama. Kushuka na mzigo, njia ikiwa na utelezi, hapo ndipo goti na akili vinapoonekana.

La tatu, umefika kwao? Mimi sikumvalisha mtu jezi kabla sijakaa jikoni kwa mama yake, sukari kilo mbili na chumvi, mpaka mama aseme kwa kinywa chake, mchukue. Ndiyo maana sikukimbiwa na mchezaji hata mmoja.

Ni mimi,
Timotheo


Mbagala
21 Aprili 2024

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo tena shikamoo. Macho ya Mama Mkubwa poleni. Mwambie nikishika mshahara wa kocha namletea miwani ya jua, awe anaingia nayo kanisani, mchungaji apoteze mstari.

Huku mvua imemwagika, barabara zimekuwa mito, mimi nimevuka Mbagala kwa mgongo wa mtu, na mtu huyo nilikuwa simjui. Nikamwambia wewe una usawa kumi na sita. Akaniuliza wa nini. Nikamwambia pole, ni mambo ya kazi.

Sasa sikiliza. Nilifika kwenye kuchagua, makocha saba wamenizunguka, nikasema kwa sauti: Silvano. Wakatazamana. Halafu wakacheka. Nathanaeli, huyu ana karakana kubwa ya simu na ni mpinzani wangu mkuu, alicheka mpaka akakaa. Akasema, "Kristian, umepewa ng'ombe mzima umechagua kwato." Akamchukua Faustine hapo hapo, anasikia raha kama kaokota. Mimi nikatabasamu tu, tabasamu lako lile la mizani.

Silvano jina lake limeshaingia kwenye orodha, anaanza rasmi msimu mpya, mwezi wa nane. Kwa sasa nimefanya ulivyosema, mabeki nimewarudisha hatua tano. Baba, tulikuwa wa nane. Leo tunavyoongea ni wa nne. Mechi tisa mfululizo hatujafungwa zaidi ya bao moja. Watu wamekuwa wakija kusimama nyuma yangu kutazama. Nathanaeli juzi aliniuliza ushauri huu nimeutoa wapi. Nikamwambia kuna profesa Lushoto, hapokei simu.

Maswali yako. Chakula hakina shida kabisa, hawa vijana sijapata kusikia wakidai hata chai. Kushuka, nimemwona. Nilipita Magoma kwenye safari zangu, nikasimama kando, nikamtazama akishuka na mzigo mgongoni, hajui kama natazamwa. Kumi na saba ile ni halali yake. Kwao sikuingia, muda ulikuwa mdogo, unajua majukumu.

Wewe ni mzee wa ajabu. Umekaa Ubiri na sweta lako, umemsoma mtu kwenye karatasi, na timu imesimama Dar es Salaam.

Mwanao,
Kocha K.


Ubiri, Lushoto
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa wiki mbili Mombo, mlima uliporomoka kwenye kona za Soni na magari hayakupanda. Hatujambo. Baridi imeanza, mapeasi yamekwisha, kabichi ziko nyingi na hazina bei. Mama yako mkubwa anasema miwani iwe ya kioo cheusi sana.

Swali la tatu ulilijibu vibaya. Kijana hachaguliwi sokoni kama jogoo. Kwa hiyo nimekufanyia.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilishuka Magoma. Mama yako mkubwa alininunia, akasema mzee wa miaka sabini na nane haendi kutafuta beki. Nilibeba sukari kilo mbili na chumvi. Pale sokoni niliuliza Silvano mcheza mpira. Nilioneshwa Silvano watatu. Wa kwanza ni mzee kuliko mimi. Wa pili ni mhubiri. Wa tatu hakuwepo, lakini mama yake, Dorothea, anauza dagaa karibu na mashine ya kusaga. Nikakaa naye. Nilimpa barua yako asome, kwa kuwa sisikii na yeye hana haraka. Alipofika kwenye zile namba alifuta macho kwa kanga. Aliniandikia kwenye mkono wangu kwa kalamu ya mteja: HAJAWAHI KUPIMWA NA MTU.

Silvano yuko kiwanda cha chai, huku huku juu kwetu, chumba cha kukaushia majani. Miaka mitatu amekuwa kibarua, mwaka huu ndio amepewa ajira ya kudumu. Nikapanda mpaka kiwandani. Hakujua lolote juu ya kocha Kristian wala Magamba Rovers. Mwanzo nilishtuka. Halafu nikaelewa, nikacheka peke yangu njiani. Ulimtazama bila kujionesha, ukaondoka bila kumvimbisha kichwa. Hiyo niliifanya miaka yote na sikumfundisha mtu. Wewe umeijulia wapi?

Nilimtazama akishuka na kuni za jikoni kwa mpishi, asubuhi, njia imelowa. Namba zako ni za kweli, ila moja. Kasi umempunja, mimi nampa kumi na nne. Na kiwandani wanamchezesha beki wa kulia, kwa kutojua. Nilimwendea kiongozi wao nikamwonesha barua, kwamba mjini ameandikwa wa kushoto. Wakamhamisha. Jumapili iliyofuata winga wa Bumbuli hakupita hata mara moja, alikaa chini akafungua viatu.

Kijana amekubali. Mama amesema mchukue. Niandikie tarehe ya kuripoti.

Timotheo


Mbagala
16 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hamjambo wote. Mimi nina mafua.

Barua yako imenifikia. Umefanya jambo kubwa na mimi sina maneno, na unajua mimi nikikosa maneno dunia imekaa vibaya. Ulishuka Magoma na miaka yako yote. Laiti ningejua ningekuambia usijisumbue.

Kuhusu huyu kijana. Mwambie asubiri. Usajili wa huku una taratibu nyingi, karatasi zinapita meza hii na meza ile, unaweza kukuta mwaka umekwisha. Kazi yake asiiache. Ajira ya kudumu siku hizi ni kitu cha kushika kwa mikono miwili, hata mimi, pamoja na ukubwa wangu, ningeishika. Mwambie namthamini sana. Mwambie akae hapo hapo.

Timu ni ya pili sasa. Faustine wa Nathanaeli amepewa kadi nyekundu tatu.

Mama Mkubwa salamu.

Kristian


Ubiri, Lushoto
18 Julai 2024

Mwanangu Kristian,

Marahaba, na pole na mafua. Mama yako mkubwa anakutumia majani ya mchaichai ndani ya bahasha hii. Yeye mwenyewe magoti yamelegea vizuri na juzi alikwenda mpaka sokoni na kurudi. Anasema Wachina wabarikiwe.

Umeandika Silvano asubiri. Nimelifikiri neno hilo mwezi mzima, ndiyo sababu ya kuchelewa kujibu.

Mwaka tisini na saba nilimwambia kijana mmoja asubiri. Ilikuwa fainali na Bumbuli. Alikuwa namba saba, amevaa viatu tangu saa mbili asubuhi. Nilimwambia subiri, halafu mapumziko nikamwambia subiri, na firimbi ya mwisho ikalia yuko benchi na jezi yake kavu. Tulifungwa bao moja, kutoka upande wake. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Dar es Salaam. Hatukulisema jambo hilo, wewe na mimi, hata siku ya mazishi ya baba yako.

Sasa nitakuambia. Wiki ile nilikaa kwenye jiwe pale mtoni nikawatazama wote mkishuka na magunia ya kabichi. Wenzako walitazama mguu unapokanyaga. Wewe ulikuwa umeinua kichwa, unatazama barabarani kuona ni nani anakuona. Hukuanguka. Nikasema, huyu ataanguka siku yenye watu wengi. Nikakuacha.

Barua zako zimenikalisha nikapima upya. Umepewa timu ya mwisho, hukuficha kwamba ni ya mwisho. Ulicheka ulipochekwa. Ulimtazama kijana wa watu akishuka na hukutaka akuone. Huyo si yule niliyemwacha benchi. Au pengine ni yule yule, na mimi nilisoma kabla mshale haujatulia. Nimekaa na jambo hili miaka ishirini na saba. Nilikosea, Kristian. Mzee akisema hivi kwa mtoto wake hasemi mara mbili, kwa hiyo itunze hii barua.

Ndiyo maana Silvano simwambii asubiri. Ameandika barua ya kuacha kazi, nimemsahihishia mwenyewe, aliandika "nashukuru" mara nne nikamwachia mbili. Ataikabidhi Jumatatu tarehe ishirini na tisa, na Jumanne atapanda basi. Mama yake amemnunulia begi. Mpokee stendi. Atakuwa amevaa sweta la kijani, maana nimesahau kumwambia kuhusu joto.

Baba yako,
Timotheo


Mombo
27 Julai 2024, Jumamosi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii haikupita kwa kondakta. Nimeileta mwenyewe, nimekupa mkononi, na sasa hivi nimekaa mbele yako ukiisoma. Mama Mkubwa ameshanisalimia, ameniuliza timu iko wapi, nikamwambia ngoja baba asome. Ninaiandika hapa Mombo kwenye meza ya mama ntilie nikingoja gari la kupanda, kwa sababu najua nikifika nikajaribu kwa mikono na midomo nitaanza kukuchekesha, na wewe utacheka, na Jumatatu itafika.

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana, zilikuwa tamu mno.

Yule mtu uliyemwona mtoni alikuwa ni mimi. Nilikuwa natazama barabarani. Nakumbuka hata nani alikuwa anapita, Eliza na dada zake, na nilinyoosha shingo na gunia mgongoni kama twiga. Mizani yako haikukosea mwaka ule, Baba. Imekosea mwaka huu, na imekosea kwa sababu mimi ndiye niliyeweka kidole juu yake.

Mbagala kuna banda la bati, la mtu anaitwa Athumani. Ndani kuna televisheni mbili na kompyuta moja kuukuu. Watu wanakuja kuchaji simu na kucheza gemu. Mimi ndiye ninayefagia, ninayechomeka simu, ninayefungua na kufunga. Kwenye ile kompyuta kuna mchezo wa mpira ambao huchezi kwa miguu. Unakuwa kocha. Unapanga timu, unabonyeza, halafu unakaa unatazama vidoti vinakimbizana. Msimu wa mwaka mzima unakwisha kwa miezi michache. Makocha nane niliokuandikia ni mimi na watu saba wa mtaani. Nathanaeli ana karakana kweli, ni meza moja na mwavuli. Magari hawana. Mchezo wenyewe ndio unaotoa orodha ya chipukizi, na wa mwisho anachagua wa kwanza. Hiyo ni kweli. Namba pia ni za kweli, zinatoka humo.

Majina hayakuwa ya kweli. Yalikuwa ya Kizungu, hayatamkiki, na nilijua ukiona jina la Kizungu utaniuliza wazazi wake. Nikayafuta nikaandika ya kwetu. Silvano ni jina la kinyozi wangu. Magoma niliandika kwa sababu niliwahi kulala pale gari lilipoharibika na watu wakanipa bada, ugali wao wa muhogo, na samaki bila kuniuliza natoka wapi. Sikumwona mtu yeyote akishuka na mzigo wowote.

Ulipoandika kwamba umempata nilikaa chini kwenye sakafu ya banda. Athumani aliuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, amezaliwa mtu. Nilitaka kukuambia siku ile ile, nikaandika mambo ya mafua na karatasi za usajili. Nilidhani ukisikia neno subiri utatii kama ninavyotii mimi. Halafu ikaja barua yako ya mwezi huu. Baba, ile barua nimeingoja tangu nikiwa na miaka ishirini. Nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Na kila nikifika kwenye "nilikosea" naona anasifiwa mtu mwingine, amevaa shati langu.

Nilikaa nayo siku tatu. Nilijiambia nimpokee Silvano stendi, nimtafutie timu yoyote ya mtaani, nimpangishie chumba, uongo ugeuke kweli taratibu. Mimi nimewahi kufanya makubwa kuliko hayo. Lakini niliona lile sweta la kijani likishuka kwenye basi, na nikajua nitakachofanya. Ningetazama huku na huku kuona ni nani anatuona.

Sasa nikuambie na lile lisilo uongo, kwa sababu nalo ni haki yako. Timu ilipanda kweli. Kutoka nane mpaka mbili, kwa hatua zako tano. Watu wa Mbagala wasiokujua wanasema, "Rudisha mabeki hatua za Lushoto." Athumani ameandika ukutani kwa chaki. Na kubwa kuliko yote, nilikuandikia mtu asiyekuwepo, wewe ukashuka mlima na sukari yako ukaenda ukampata. Kiwanda kizima kilikuwa kinamtazama kila Jumapili na hakikuona kwamba ni wa kushoto. Wewe uliona, na ulikuwa umeshika karatasi ya uongo. Mimi nimezunguka nchi hii yote mpaka bandari ya mwisho, sijakutana na jicho kama hilo, na sidhani kama lipo jingine. Huyo kijana hakuchaguliwa na kompyuta. Amechaguliwa na wewe, na hilo halifutiki hata mimi nikifutika.

Nimebeba sukari kilo nne na chumvi. Nusu ni ya Dorothea. Kesho, ukinikubalia, nakwenda kiwandani kwa miguu yangu, namkuta Silvano kabla ya Jumatatu, namwambia uso kwa uso aichane ile barua, zote "nashukuru" mbili. Halafu nashuka Magoma nakaa karibu na mashine ya kusaga mpaka mama yake amalize kunitukana. Sitaki uje. Ulishashuka mara moja kwa ajili yangu. Ukipenda, kaa kwenye jiwe lako unitazame ninavyoshuka.

Lile neno lako nalirudisha. Barua yenyewe iko mfuko wa kushoto wa koti langu, chukua. Siku nyingine ukiona inanifaa utanipa tena. Usipoona, iko mahali pake.

Nimeinamisha kichwa sasa, natazama miguu yangu, kwa hiyo sikuoni usoni. Ukimaliza kusoma niguse bega, au usiniguse.

Ile bahati niliyokuandikia mwezi wa tatu ilikuwa uongo. Sina timu, Baba Mkubwa. Sijawahi kuwa nayo.

Kristian